Mwongozo: kumfundisha mtoto mdogo kuandika maelezo kupitia kuku, paka na sungura wa nyumbani

Kila mwaka nikiwapa darasa la tatu kazi ya kumwelezea mnyama anayefugwa kwao napokea madaftari yenye maneno yaleyale. "Kuku wangu ni mzuri. Ana miguu miwili. Ana mabawa mawili. Nampenda sana kuku wangu." Wote. Hata wale ambao kwao hakuna kuku wanaandika hivyohivyo, mana sentensi hizo hazijatoka kwa kuku, zimetoka ubaoni.

Sasa jumamosi moja nimekaa barazani kwangu hapa Ujiji, watoto wa majirani wamekuja na madaftari yao kama kawaida, kuna binti wa miaka nane naye kaandika zile sentensi nne, mara mtetea wetu akapita anatafuta pa kutagia, anaingia chini ya kitanda cha kamba anatoka, anachungulia kwenye beseni anaondoka, na yule binti bila kuulizwa na mtu akasema "mwalimu huyo anataka kutaga, ona anavyozunguka ananung'unika chinichini kama mama anayedai chenji yake". Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Nikamwambia basi hiyo ndo iandike. Akanitazama akauliza, "Kwani na hiyo inaandikwa?"

Inaandikwa, na hapo ndo penye shida yenyewe. Mtoto anayemwagia kuku pumba kila asubuhi maelezo anayo tele, ila hajawahi kuambiwa kwamba hayo anayoyaona mwenyewe ndo yanayotakiwa kwenye daftari. Hizi ni hatua ninazozitumia na watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne. Darasani zinafanya kazi na nyumbani zinafanya kazi, mzazi huhitaji kuwa mwalimu.

Hatua ya kwanza, mpe mnyama mmoja na kazi moja

Sio "kuku wa nyumbani" kwa ujumla, mmoja, mwenye jina. Kama mnafuga kuku kumi achague wake, yule kishingo asiye na manyoya shingoni au yule kibwenzi mwenye kishungi kichwani, ampe jina analotaka yeye. Alafu mpe kazi ya kweli ambayo asipoifanya mnyama atapata taabu, mfano kubadilisha maji asubuhi, kukata majani ya sungura, kufungulia banda na kulifunga jioni. Mtoto anayemtazama tu mnyama anachoka dakika mbili, ila anayemhudumia atajua tu kwamba leo hajala, leo anachechemea, leo kajitenga.

Kama nyumbani hamna mnyama usimwache nje mtoto. Mbuzi wa jirani, njiwa wa babu wa mtaa wa pili, paka wa dukani, wote wanafaa, omba ruhusa mtoto awe anaenda kupeleka maganda au majani siku mbili kwa wiki. Mbwa wasio na mwenyewe hapana. Na hapa nisisitize kidogo, mbwa akimng'ata mtoto, hata kama kidonda ni kidogo, kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri kuona itakuwaje, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Mbwa wenu wenyewe apate chanjo kila mwaka. Mtoto asimsogelee mbwa aliyezaa wala paka anayekula, na akitoka bandani anawa mikono kwa sabuni kabla hajashika kalamu au andazi.

Hatua ya pili, wiki nzima bila kalamu

Hii wazazi wengi hawaipendi, wanataka waone daftari linajaa. Subiri. Wiki ya kwanza mtoto afanye kazi yake na wewe umpe swali moja tu kwa siku, na liwe swali ambalo hawezi kujibu bila kwenda kuangalia. Ukimuuliza "kuku yukoje?" atakujibu "mzuri" na amemaliza. Mimi nauliza hivi: kuku akisinzia, kope inashuka kutoka juu kama yako au inapanda kutoka chini? Kuku akinywa maji kichwa anakifanya nini, na njiwa je, anafanya vilevile? Weusi wa katikati ya jicho la paka unafananaje saa saba mchana, na unafananaje magharibi? Sungura akishtuka anatoa sauti gani, na anaitoa kwa mdomo au kwa mguu?

Usimpe jibu. Hata ukilijua, nyamaza.

Swali la kope lilileta ugomvi hapa barazani, wavulana wawili mmoja anasema juu mwingine anasema chini, ikabidi jioni waende wote wakalale kifudifudi mbele ya banda la mabua wakati kuku wanasinzia, wamezima hadi tochi ya simu wasiwaamshe, wamekaa pale mpaka mama yao akaja kuwaita. Kuku anafunga jicho kutoka chini kwenda juu. Yule aliyeshindwa ndo aliyeandika vizuri baadae: "Kuku wangu akilala kope inatoka chini inapanda juu kama mtu anayevuta shuka mpaka usoni." Mimi nina miaka mingi na kuku na sikuwahi kuwaza shuka.

Kwenye maji, kuku anachota kidogo alafu anainua kichwa maji yashuke kooni, njiwa anatumbukiza mdomo na kuvuta mfululizo bila kuinua kichwa. Kwenye sungura ni mguu, anapiga ardhi kwa mguu wa nyuma kuwapa wenzake taarifa. Nayasema hapa kwa ajili yenu wakubwa, watoto waacheni wakayaone.

Pia mwambie atumie pua na masikio na vidole, sio macho peke yake. Banda likitoka kufagiwa linanukaje, mvua ikinyesha usiku linanukaje? Ulimi wa paka ukikulamba mkononi unajisikiaje? (Jibu la mtoto mmoja, "kama msasa wa fundi lakini wa moto", na ndivyo ulivyo kabisa.) Ulimi wake mtoto ndo asiutumie, haya hilo linaeleweka.

Hatua ya tatu, aseme kabla hajaandika

Mtoto wa miaka saba anaongea vizuri mara kumi kuliko anavyoandika, mkono unachelewa, akifika neno la tatu la nne limeshapotea. Kwa hiyo mwache akusimulie kwanza. Mimi namrekodi kwenye simu dakika moja, namrudishia sauti yake, tunasikiliza wote, namuuliza "hapo ulipocheka ulisemaje?" na pale alipocheka ndipo mara nyingi penye sentensi nzuri.

Na huku kwetu Kigoma watoto wengi nyumbani wanaongea Kiha, hasa waliotoka Kasulu na Kibondo kuja kukaa kwa shangazi au bibi zao mjini. Usimkatize. Aseme kwa Kiha yote aliyoyaona, amalize, alafu ndo mtafute wote maneno ya Kiswahili, tena wenzake watamsaidia na mtagundua kuna neno la Kiha halina mwenzake wa karibu, hapo inabidi aeleze kwa maneno matatu manne, na kueleza huko ndo somo lenyewe. Mtoto aliyekatizwa kwa sababu ya lugha anarudi kwenye "ana miguu miwili" kwa sababu hiyo ana uhakika nayo.

Hatua ya nne, vitendawili

Hii ndo naipenda kuliko zote na haigharimu hata mia. Kitendawili ni maelezo yaliyofichwa jina, watoto wetu wameshakizoea, wanajua "nyumba yangu haina mlango" ni yai. Sasa waambie kila mtu atunge cha mnyama wake, sentensi tatu au nne, jina asilitaje. Anasimama, "Kitendawili!" wenzake "Tega!" wakishindwa wanatoa mji, na hapa kwetu utasikia chukua Uvinza, chukua Bujumbura, mwenye kitendawili anakataa kataa mpaka apate mji anaoutaka.

Utamu wake ni kwamba kitendawili kibovu kinajionyesha chenyewe. Kijana mmoja alitega, "Nina miguu minne, nina mkia, nina masikio mawili." Wenzake wakataja mbuzi, mbwa, paka, ng'ombe, punda, wote ni sawa na wote sio. Sikumwambia kitu. Akakaa mwenyewe akaona maneno yake hayamkamati mnyama yeyote, akaenda kwa simbilisi wake kuangalia upya, jumamosi iliyofuata akaja na hiki: "Naishi na ndugu zangu kwenye boksi la sabuni. Sina mkia. Nilizaliwa na manyoya na macho yamefumbuka. Nikisikia majani yanachakarika napiga mluzi kabla sijakuona." Mtoto wa pili tu akataja simbilisi, na aliyetega alifurahi kuliko aliyepata.

Cha kuangalia ni kama wamepata mapema mno au hawapati kabisa. Wakipata kwenye sentensi ya kwanza mwambie aanze na jambo lisiloonekana haraka, la mwisho aliweke lile linalojulikana na kila mtu. Basi.

Hatua ya tano, maneno

Kuna maneno yamechoka: mzuri, mkubwa, mdogo, sana. Siyapigi marufuku, nauliza tu. Mkubwa kama nini? Anaenea kwenye ndoo ya lita 10 au haenei? Mzuri wapi, mkiani au machoni? Mtoto akishajibu lile neno linajiondokea lenyewe.

Kwenye rangi Kiswahili chetu kinasaidia kuliko tunavyodhani. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndo rangi tunazozitaja moja kwa moja, nyingine nyingi tumezitoa kwenye vitu, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, kijani ni majani. Kwa hiyo mwambie mtoto naye atafute kitu chake. Huyu kuku ana rangi ya nini? Hapa barazani nimeshapata rangi ya mawese kabla hayajaganda, rangi ya dagaa waliokauka, na rangi ya vumbi la barabara mwezi wa nane. Ile ya mawese ilikuwa ya shingo ya jogoo na ukimwangalia juani kweli ni mawese, inang'aa vilevile.

Alafu kuna yale maneno mafupi ya kukazia ambayo watoto wanayasema siku nzima ila hawayaandiki kwa kudhani ni ya kuongelea tu. Mweupe pee. Mweusi tii. Kalala fofofo. Kimya jii. Bata kaingia kwenye maji chubwi. Waambie ni Kiswahili safi, waandike.

Na majina ya sehemu za mwili usiyapite, mtoto hawezi kuelezea asichokijua jina. Ile nyama nyekundu ya kichwani kwa jogoo ni upanga, wengine wanaita kilemba. Ule mwiba wa nyuma ya mguu wake unaitwa "kipi". Jogoo anawika, mtetea akishataga anatetea, mbwa anabweka, njiwa anaguna. Paka anakoroma akikunwa shingo, na mtoto mmoja kaandika "anakoroma kama boti ikiwa mbali", anaposema boti anamaanisha zile za mbao zinazotoka Kibirizi na injini, ukiwa nchi kavu usiku unazisikia hivyo.

Angalizo: mtoto akishajua "kama" ataiweka kila sentensi. Kama hiki kama kile, ukisoma unachoka. Mimi nasema moja kwa aya, achague iliyo bora, nyingine azitunze kwa siku nyingine.

Hatua ya sita, sasa aandike

Sentensi tano. Darasa la kwanza na la pili tatu zinatosha. Usimwambie aanze kichwa aende mpaka mkia, hiyo inazaa orodha, na orodha ndo ile ya miguu miwili. Mwambie afuate saa: ukifungua banda anatoka vipi, mchana jua likiwa kali yuko wapi, jioni anarudi vipi. Mnyama anayefanya kitu ni rahisi kumwandika kuliko mnyama aliyesimama tu.

Upande wa sarufi makosa nayoyaona sana ni mawili. La kwanza "kuku yangu", kwenye kuongea wengi wanasema hivyo na wanaelewana, ila kwenye kuandika ni kuku wangu, paka wangu, sungura wangu. La pili ni viungo vya mwili, mtoto kashazoea "kuku wangu mweupe" akifika kwenye manyoya anaandika "manyoya yake mweupe". Muonyeshe kwamba kuku ni mweupe lakini manyoya ni meupe, mdomo ni mweusi, macho ni mekundu, miguu ni myeusi. Nzuri ni kumwambia aguse kiungo kwa mnyama mwenyewe na kusema kwa sauti, sikio linashika haraka kuliko jicho.

Ila sahihisha kosa moja kwa siku. Moja. Daftari likijaa wino mwekundu mtoto hatakuandikia tena habari ya chenji, ataandika tu zile sentensi ambazo hazina hatari. Nimewafundisha watoto walioharibiwa hivyo, na kuwarudisha kunachukua muhula mzima.

Hatua ya saba, daftari la mnyama

Baada ya mwezi hivi mpe mtoto kijidaftari cha peke yake, mistari miwili kwa siku, tarehe juu. Kama kuku anaatamia ndo wakati mzuri kuliko wote, ni siku 21, mtoto anahesabu na anaandika. Siku ya saba jioni mama kuku akitoka kula chukua yai moja, ingia nalo kwenye chumba chenye giza, mulika kwa tochi ya simu kwa chini, mtaona mishipa myekundu imesambaa kama mizizi, alafu lirudishe haraka kabla halijapoa. Hakuna mtoto niliyemuonyesha akakosa cha kuandika usiku huo.

Daftari hili lina kazi nyingine pia. Kuna mtoto hapa jirani aliandika, tarehe ilikuwa ya mwezi wa tisa, "Leo kuku wa mwisho kajikunyata mabawa yameshuka. Kinyesi chake ni kijani. Hataki mahindi." Baba yake akaja kunionyesha kwa vile kaandika vizuri, mimi nikamwambia baba fulani hebu achana na mwandiko, nenda kwa bwana mifugo sasa hivi. Kilikuwa kideri. Yule kuku alikufa na wengine watatu, kideri hakina dawa, kina chanjo tu, lakini wenye afya walitengwa na kuchanjwa siku ileile na sita walibaki. Sasa hivi yule mtoto ndo anayeandika tarehe za chanjo ya matone ya macho kila baada ya miezi mitatu, na baba yake anamuuliza yeye.

Mnyama akifa, akiuzwa au akichinjwa

Hili siwezi kuliacha, mana kwetu kuku wa mtoto ni kuku wa familia pia, mgeni anaweza kuja, sikukuu inafika, ada inatakiwa. Usimchinje kwa siri alafu umwambie kapotea. Atajua, na akishajua hatakupa tena maneno yake ya kweli. Mwambie mapema, mpe siku moja au mbili, na kama anataka kuandika aandike, kama hataki usimlazimishe, kazi hiyo sio ya alama.

Kuna kijana wa darasa la tatu jogoo wake aliuzwa mwezi wa kwanza ili apate sare za shule. Mama yake alimwambia siku tatu kabla. Jioni ya mwisho alikaa bandani mpaka giza, kesho yake akaniletea daftari: "Jogoo wangu amelala upande wa mlango. Shingo yake ni rangi ya mawese. Kipi cha mguu wa kushoto kimevujika ncha. Akiwika anafunga jicho moja. Mkimwona sokoni mtamjua."

Nilimsahihisha neno moja tu, kimevujika, nikaongeza n.